Anti, wikendi ndefu na baridi hii twende wapi? Maswali ya wasomaji wa Chicago

Haya jamani, barua zenu nimezipata, na mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja. Jumatatu ya tatu ya Januari ni sikukuu ya Dkt. Martin Luther King Jr., Februari nayo Jumatatu ya tatu ni ya marais, yaani kuna siku tatu tatu za kupumzika mara mbili ndani ya mwezi mmoja na zote zimeangukia kwenye baridi ya kukausha maji puani. Nimechagua barua chache, nimezifupisha maana wengine mnaandika kama mnatoa ushahidi mahakamani. Tuanze na huyu kijana wa Mombasa, kanichekesha mpaka chai imepoa.

Mama yangu ameiona Chicago kupitia dirishani tu

*Anti shikamoo. Mamangu amekuja kutoka Mombasa tangu mwisho wa Desemba, ndo mara yake ya kwanza huku, na tangu afike ametoka nje mara mbili, zote kwenda kununua vitu vya jikoni. Anakaa dirishani na leso mbili anauliza hawa watu walimkosea nani mpaka wakaletwa kuishi hapa. Anarudi Februari, naogopa akifika atawaambia watu Chicago ni dirisha. Nina hiyo wikendi ya siku tatu. Miguu yake haiko sawa, kutembea sana hawezi. — Kijana wa Majengo, West Ridge*

Marahaba mwanangu. Kwanza mpe mama pole, na umwambie hata sisi wa miaka ishirini hapa tunauliza swali hilohilo.

Kabla ya kwenda popote mvishe vizuri, na sisemi koti la dola mia tatu atakalolivaa wiki nne. Nenda duka la mitumba, Januari makoti yapo mengi. Buti zizidi mguu wake namba moja ili soksi mbili ziingie bila kubana, maana mguu uliobanwa ndo unaoganda. Buibui lake asilivue, lipite juu, ndani avae zile nguo za kubana za joto suruali na fulana, halafu sweta, koti juu ya yote. Mpake mafuta ya mgando mashavuni na puani. Glavu mchukulie zile vidole vinne vinakaa pamoja, zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Akilalamika kuwa anafanana na gunia la karafuu mwambie ndo fasheni ya huku.

Jumamosi mpeleke Garfield Park Conservatory. Ni nyumba kubwa ya vioo ya mimea upande wa magharibi wa mji, ilifunguliwa 1908, kuingia ni bure, ila weka nafasi mtandaoni kwanza maana wikendi watu wengi wana wazo kama lako. Kama huna gari, treni ya Green Line inashusha pale pale, stesheni ina jina la bustani yenyewe, unatembea hatua chache umefika. Sasa nikwambie kinachotokea. Unafungua mlango wa kwanza, miwani yako inapata ukungu huoni kitu, halafu inakuja ile harufu. Harufu ya udongo mbichi uliolowa, majani yanayooza kidogo, joto la unyevu, kama umeteremka basi Muheza baada ya mvua. Mi nilimpeleka mama mdogo pale mwaka aliokuja, alisimama tu, akashusha skafu, akavuta pumzi, hakusema kitu kama dakika nzima, na mama mdogo wangu si mtu wa kunyamaza dakika nzima.

Kuna chumba cha mimea ya matunda na sukari, mle kuna migomba, michungwa, mikakao, vanila. Mama mdogo alisimama mbele ya mgomba kama amekutana na jirani wa kwao, akauzunguka, akauangalia mkungu, akasema huu umepitiliza, ungekatwa wiki iliyopita. Nikamwambia mama hapa hawavuni. Akaniuliza sasa wanapanda ili iweje? Sikuwa na jibu hata sasa sina. Mabenchi yapo, mama yako atakaa, hutakuwa na haraka. Ila usiiweke Jumatatu bila kuangalia ratiba yao maana mwanzo wa wiki huwa wanafunga.

Jumapili ndo nakuomba usikose: Field Museum, na usimwambie unampeleka kuona nini. Pale mlangoni omba kiti cha magurudumu, wanavyo. Ukumbi mkubwa utakutana na tembo wawili wanapigana, walitoka huko kwetu Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1900, lakini msikae sana hapo, nendeni moja kwa moja kwa wale simba wawili wa Tsavo. Ndio hao hao mwanangu, wale waliokula watu 1898 wakati Waingereza wanajenga daraja la reli pale mto Tsavo, wale ambao kila aliyepanda gari la Mombasa–Nairobi ameshasimuliwa habari zao walipofika Mtito Andei. Wapo Chicago! Wako ndani ya kioo.

Watu wengi wakiwaona wanashangaa mbona wadogo, tena hawana manyoya ya shingoni wakati ni madume. Manyoya, madume wengi wa Tsavo ndo walivyo, kule ni kukavu na miiba mingi. Udogo una kisa chake. Yule Mwingereza aliyewapiga risasi, Patterson, mmoja tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba, aliwafanya mazulia. Ndio, mazulia ya sakafuni, wamekanyagwa nyumbani kwake kama miaka ishirini na tano mpaka alipowauzia makumbusho mwaka 1924 kwa dola 5,000, na ngozi ilikuwa imechakaa na kukatwakatwa, ikabidi washonewe upya kwenye maumbo madogo kuliko miili yao ya asili. Patterson alikuja kudai walikula watu 135. Wataalamu walipopima mifupa na manyoya yao mwaka 2009 wakakadiria kama 35 hivi, na mmoja alikula wengi zaidi ya mwenzake, tena huyo alikuwa na jino bovu, yaani kukamata nyati kulimuuma, binadamu ni laini. Mama mdogo wangu aliposikia hilo alisema, "Kumbe alikuwa mgonjwa, maskini." Nikamwambia mama, kala watu. Akasema, "Kala watu lakini jino linauma."

Kiingilio hapo si kidogo, kwa hiyo angalia siku za bure za wakazi wa Illinois, Januari na Februari huwa ziko nyingi kwa sababu wageni wa mbali hawapo. Ukiwa na kitambulisho cha jimbo wewe unapata, mama kama mgeni atalipa. Wengine mnaweza kupata pasi za makumbusho kupitia kadi ya maktaba, uliza kabla ya Jumatatu maana sikukuu maktaba zinafunga.

Jumatatu msihangaike. Wewe uko West Ridge, Devon Avenue iko mlangoni kwako. Mpeleke akale biriani, anunue jalebi, aingie maduka ya viungo anuse iliki na bizari, abishane bei na Mhindi kama yuko Biashara Street. Bei haitashuka lakini atarudi nyumbani amechangamka.

Watoto watatu, hatuna gari, na mfuko umetoboka

*Jambo sana Mama. Sisi ni watu wa Fizi, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, tumefika Rogers Park mwezi wa tisa. Watoto wangu ni watatu, mkubwa miaka kumi na mmoja, mdogo mine. Shule itafunga Jumatatu na wako ndani wanapigana kama majogoo. Motokari hatuna, feza nayo ni kidogo sana. Baridi inaniogopesha, mdogo anakohoa. — Mama Furaha*

Karibu sana mama, na pole na majogoo. Wala usiogope, wewe uko sehemu nzuri kuliko wengi wenye magari.

Lincoln Park Zoo ni bure. Si bure ya leo tu, ni siku zote za mwaka, ipo tangu 1868. Kutoka kwako panda basi namba 22 kwenye Clark Street, hilo moja tu, huna haja ya kubadili, linateremka Clark mpaka karibu na bustani, mwambie dereva unashuka zoo. Mtoto wa chini ya miaka saba halipiwi nauli akiwa na mtu mzima aliyelipa, wa saba mpaka kumi na mmoja wanalipa nauli pungufu. Ukifika usizunguke nje nje, panga hivi: ingieni nyumba ya sokwe, ni kubwa, ina sokwe na gorila, kaeni humo mpate joto, tokeni dakika kumi muone dubu mweupe ambaye yeye ndo kwanza anafurahi, rudini ndani nyumba nyingine. Baridi na watoto ndo hivyo, unaruka kutoka joto mpaka joto kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Pembeni ya zoo kuna nyumba ya vioo ya mimea, ndogo kuliko ya Garfield lakini nzuri, nayo bure, ila siku zake nazo ziangalie.

Kuhusu yule anayekohoa, kama ana homa mwache nyumbani. Kama ni kikohozi cha kawaida na anacheza, hewa ya nje kidogo haitamdhuru, mfunike pua na mdomo skafu avute hewa ya vuguvugu. Simu yako itakuonyesha namba mbili za baridi, ya kawaida na ile ya baridi ikichanganyika na upepo, wewe fuata ya pili. Hapa upepo wa ziwani ndo unaouma. Ukiona hiyo ya pili imeshuka chini ya sifuri za Wamarekani, yaani kama nyuzi 18 chini ya sifuri zetu, siku hiyo mbaki ndani, mpike maandazi.

Theluji ikianguka usiwanyime kuteleza. Pale Montrose karibu na ziwa kuna kilima wanakiita Cricket Hill, treni ya Red Line unashuka Wilson unatembea kuelekea ziwani. Utaona watoto wa mataifa yote. Vile vibao vya plastiki vya kutelezea ni rahisi, msichukue boksi la karatasi, wangu walichukua boksi mwaka wa kwanza, mteremko wa pili likawa uji. Chukua nguo za kubadili, soksi hasa, na chupa ya chai.

Mkiwa stesheni mnasubiri treni, juu kuna taa za joto, kuna kitufe ukutani bonyeza, zinawaka zinawamwagia joto kichwani. Mtakuta njiwa wamejipanga chini yake wanangoja nyinyi mbonyeze. Watoto watafurahi hao njiwa kuliko hata dubu.

Na kama mnayo kadi ya Link, ile ya msaada wa chakula wa serikali, ichukue popote mnapoenda na kitambulisho chako, makumbusho kadhaa makubwa yanapunguza sana kiingilio ukiionyesha. Msione aibu, ipo kwa ajili hiyo.

Nataka kuteleza na vile vibao vya miguuni

*Anti mambo, mi mwanafunzi kutoka Mwanza, niko na wenzangu wawili, tunataka hiyo wikendi ndefu twende kuski kama kwenye TV. Milima iko wapi hapa? — Msukuma wa Theluji*

Poa. Milima hakuna. Illinois ni tambarare kama chapati, hilo jua kabla hujalipa hela ya mtu.

Kuna vilima. Wilmot iko Wisconsin ukivuka tu mpaka, kuna Villa Olivia huku Bartlett ambayo ni ya hapa hapa Illinois, yote mawili wanatengeneza theluji kwa mashine kwa hiyo hata isipoanguka unateleza. Vibao na viatu wanakodisha, lipia na somo la mwanzo, usijifanye umeona TV. Siku ya kwanza hutateleza kaka, utaanguka, utaamka, utaanguka, na mtoto wa miaka mitano atakupita anaimba. Vaa suruali isiyopitisha maji, jinzi ni adui, ikilowa inakuwa bomba la chuma. Wikendi ya sikukuu foleni ni ndefu na bei inapanda, mkiweza nendeni Ijumaa au ngojeni wiki inayofuata.

Kama hela ni ya mwanafunzi kweli, kaeni mjini mkateleze na viatu vya chuma pale Millennium Park, karibu na ile sanamu ya chuma kama harage kubwa, inayong'aa kama kioo, ambayo kila mtu anapiga picha. Uwanja wenyewe haulipiwi ila nafasi unaweka mtandaoni, mnalipa kukodi viatu. Upande wa pili wa daraja kuna Maggie Daley, pale ni njia ya barafu inayopindapinda kama robo maili, nzuri zaidi kwa macho ila ina mteremko kidogo kwa hiyo wasiojua twende polepole. Mkichoka ingieni Chicago Cultural Center ng'ambo ya barabara, jengo la 1897 lililokuwa maktaba kuu ya mji, bure, juu kuna kuba la vioo vya Tiffany lenye upana wa futi 38, mkae chini yake mkichezea simu zenu. Hilo msiliweke Jumatatu ya sikukuu kabla ya kuhakikisha liko wazi.

Tuna gari: Starved Rock au Indiana Dunes?

*Anti, sisi ni mabinti wanne wa Aurora, tunafanya kazi wiki nzima, tunataka kwenda nje ya mji kwa siku moja. Tumesikia maporomoko ya maji yanaganda. Tuchague ipi?*

Starved Rock. Nyinyi mko Aurora mko upande wake kabisa, hata msihangaike kuvuka mji kwenda Indiana.

Ni mbuga ya jimbo pale mto Illinois karibu na Utica, haina kiingilio, ina makorongo 18 ya mawe na baridi ikikaa wiki kadhaa maji yanayodondoka juu ya kingo yanaganda yakiwa yananing'inia, mengine meupe, mengine yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya madini. Ukiweka sikio unasikia maji bado yanatembea ndani. Korongo la French liko karibu na jengo la wageni lakini njia yake ya kuingilia ni jiwe jembamba lenye barafu, nimeona wanaume wazima wanapanda kwa magoti. La LaSalle na la St. Louis ni mbali kidogo ila mnatembea vizuri. Nunueni vile vyuma vya kufunga chini ya viatu, dola ishirini na kitu, nakuombeni, msije mkaniandikia barua kutoka kitandani.

Halafu nendeni chini kwenye bwawa la mto. Kila mahali mto umeganda isipokuwa pale maji yanapotoka bwawani yanachafuka, na tai wenye vichwa vyeupe wanalijua hilo, wanakuja Januari kuvua samaki hapo hapo. Chukueni darubini. Na muwahi: jua linazama saa kumi na moja kasorobo, ikifika saa tisa muwe mmeanza kurudi kwenye gari.

Indiana Dunes ni nzuri pia, hasa kwa asiye na gari, treni ya South Shore inatoka Millennium Station mjini mpaka kule. Ni milima ya mchanga pembeni ya ziwa, ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 2019, siku isiyo na mawingu unasimama juu unaona majengo ya Chicago yamejipanga ng'ambo ya maji kama meno. Lakini kuna kitu kimoja naomba mkishike. Ukingoni mwa ziwa mtaona barafu imejaa imetengeneza kama nchi kavu, ina vilima na mashimo, inakuita uende upige picha. Ile si nchi kavu wala si ziwa lililoganda. Ni mawimbi yamerundika vipande vya barafu, chini kuna mapango na maji, unaweza kutembea hatua ishirini salama ya ishirini na moja ukapotea, na hakuna wa kukuona umeingilia wapi. Picha pigieni mchangani.

Wenzangu wanataka tuchome nyama ndani

*Anti sisi ni Wakenya kumi hivi tunakutana kila sikukuu. Nje hakukaliki, mmoja anasema tuwashe jiko la mkaa kwenye gereji tufungue mlango nusu. Kuna shida?*

Kuna shida kubwa na sitanii hapa. Mkaa unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, basi. Mlango nusu hausaidii. Tangu 2007 sheria ya Illinois inataka nyumba yenye kitu cha kuchoma gesi iwe na kengele ya kugundua hiyo sumu ndani ya futi 15 kutoka kila chumba cha kulala, kaiangalieni yenu kama betri iko hai. Tena wale wanaofungua mlango wa oveni ya gesi ili nyumba ipate joto, na wale wanaowasha gari gerejini lipate moto, barua hii ni yenu pia.

Nyama choma hamuikosi. Jiko liwe nje kabisa, mbali na ukuta na madirisha, na uwanja ni wenu au mwenye nyumba ameruhusu. Watu wawili wenye makoti wachome kwa zamu, wengine ndani na kachumbari na ugali. Mbuzi akatwe vipande vidogo kuliko kawaida, baridi inakula moto. Mimi shemeji yangu alichoma nyuzi kumi chini ya sifuri, kavaa kofia mbili, alirudi ndani na sinia nyusi zimekuwa nyeupe kama mzee wa kanzu, na nyama ikaisha hajala.

Nina Jumatatu peke yake

*Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku Ijumaa mpaka Jumapili. Jumatatu ndo yangu. Nataka kitu chenye maana, si kula tu. — Dada wa Zamu*

Dada, kwanza lala mpaka saa tano.

Halafu ifuate sikukuu yenyewe ilikotoka. Wengi hatujui kuwa Dkt. King alihamia hapa Januari 1966, akapanga nyumba mbovu North Lawndale makusudi, kuonyesha watu weusi walivyokuwa wakibanwa kwenye nyumba za hovyo huku mitaa mingine ikiwafungia milango. Tarehe 5 Agosti mwaka huo aliandamana Marquette Park upande wa kusini, akarushiwa jiwe likampata kichwani. Pale sasa kuna mnara wa kumbukumbu uliowekwa 2016, umejengwa kwa matofali na vigae. Nilienda siku ya theluji hakuna mtu, nyayo zangu peke yake na za mbwa. Dakika ishirini zinatosha, baridi haikuruhusu zaidi.

Ukitoka hapo nenda DuSable, makumbusho ya historia ya watu weusi pale Washington Park, yalianzishwa 1961 na Margaret Burroughs sebuleni kwake. Yana jina la mtu mweusi anayehesabiwa ndiye wa kwanza kuja kujenga na kukaa hapa palipokuja kuwa Chicago, na siku ya King huwa wanaandaa shughuli. Angalia ratiba asubuhi.

Kile kiti cha jikoni

*Anti, Jumapili iliyopita nilitoka na rafiki zangu, kurudi nikakuta nafasi safi ya paking, katikati kuna kiti cha jikoni na ndoo. Nikaviweka pembeni nikapaki. Asubuhi gari zima limefunikwa barafu nene milango haifunguki. Wikendi ndefu inakuja nina wageni wenye magari. Hii ni haki kweli?*

Kisheria, barabara ni ya wote na kiti hakina kibali. Kimtaa, umekaa kwenye kiti cha mtu. Yule aliamka saa kumi na moja alfajiri akachota theluji kwa saa nzima mgongo ukamuuma, akaweka kiti ili akirudi kazini apate pa kupaki. Wenyeji wanaita dibs na wanaiheshimu kuliko taa nyekundu. Aliyekumwagia maji amekosea, lakini polisi utawaambia nini, kwamba baridi imegandisha maji?

Wageni wako waambie mambo mawili. Wasiguse kiti, ndoo, ubao wa kupigia pasi wala sanamu ya bikira Maria, nimeona vyote. Na wasome vibao: kuanzia 1 Desemba mpaka 1 Aprili kuna barabara kubwa ambazo ni marufuku kupaki kuanzia saa tisa usiku mpaka saa moja asubuhi, theluji iwepo isiwepo. Mi nilibisha mwaka wangu wa pili, nikasema mbona barabara kavu, nikaenda kulifuata gari langu huko lilikovutiwa nikiwa na kandambili na soksi kwa sababu buti zilikuwa ndani ya gari.

Wewe gari lako limwagie maji ya vuguvugu kwenye kitasa, si ya moto, kioo kitapasuka. Likishafunguka, rudisha kiti pale ulipokikuta.